Oili Nyekundu: Vile Giaboksi ya Otomatiki Ilitufikia Bila Maelezo

Wasee wa Makutano, kuna sentensi moja hapa kwetu watu wanairithi kama shamba: "Giaboksi ya otomatiki haiguswi. Ukimwaga ile oili, inakufa." Utaisikia kwa fundi, utaisikia kwa mjomba mwenye Premio, utaisikia hata kwa msee ambaye hana gari. Inasemwa kwa sauti ile ya mzee anayekukataza kuua kinyonga. Hakuna anayeuliza imetoka wapi.

Mimi nimeuliza. Na majibu yamenipeleka kwa meli za Wajerumani, vifaru vya Marekani, nyangumi, na dashibodi inayoongea Kijapani. Pia yamenionyesha kwamba hii si hadithi ya mafundi wajinga, vile watu wa mitandaoni wanapenda kusema. Ni hadithi ya mashine iliyoletwa nchini bila kitabu chake.

Kwanza tuelewane ni Makutano gani. Si ile ya Kapenguria, na si ile ya kule chini ambapo barabara ya Embu inaachana na ya Nyeri. Naongea kuhusu Makutano ya Meru, pale magari ya Maua, ya Nanyuki na ya Nkubu yanapishana siku nzima. Mahali magari yanapishana, garaji huota zenyewe. Na nyinyi wa Embu msitoke, shida ni ile ile.

Sasa, baba zetu walijifunza gari gani? Gari ya gia ya mkono. Miaka ya 70 Kenya ilikuwa inaunganisha magari yake yenyewe: Leyland kule Thika, Associated Vehicle Assemblers kule Mombasa, na General Motors pale Nairobi. Peugeot 504 iliunganishwa Kenya hadi 2004. Hiyo 504 ilishinda Safari Rally mwaka 1975 na tena 1978, na kila mzee aliyewahi kuikalia atakueleza kuhusu hiyo siku kama alikuwa navigeta. Kulikuwa na Datsun, kulikuwa na Land Rover, kulikuwa na kombi ya Volkswagen. Zote zilikuwa na klachi.

Klachi ni kitu cha mwalimu mzuri. Ikiisha, unasikia. Ukiitoa, unaiona: sahani imelika, mtoto wa darasa la nne anaweza kukuonyesha palipolika. Betri ikikataa, mnasukuma gari, dereva anatia gia ya pili, inashika. Watoto wengi wa mlimani walijifunza mambo ya injini wakiwa nyuma ya gari wakisukuma. Na hivyo ndivyo fundi wa jua kali alivyosoma pia: unakaa miaka chini ya gari na fundi mkubwa, unampa spana, unatumwa chai, unaona. Ripoti ya Shirika la Kazi Duniani ya 1972 ndiyo iliyoiambia serikali kwamba hawa watu wanaofanya kazi nje ni uchumi kamili, si wazururaji. Ikachukua hadi 1985 ndipo Rais Moi akaenda Kamukunji, akaona mafundi wakichomeka, akaamuru wajengewe vibanda. Paa walipata. Vitabu, hapana. Elimu ya jua kali ilibaki ya macho na mikono, na kwa gari ya klachi hiyo inatosha kabisa.

Giaboksi ya otomatiki haionekani. Hapo ndipo shida inaanzia.

Twende nyuma kidogo. Mjerumani mmoja, Hermann Föttinger, alikuwa anashughulika na meli mwanzoni mwa karne ya 20. Tatizo lake lilikuwa hivi: unaunganishaje mashine inayozunguka kwa kasi sana na panga la meli linalotaka kuzunguka polepole? Akaweka kiowevu katikati. Upande mmoja unazungusha kiowevu, kiowevu kinazungusha upande wa pili, chuma hakigusani na chuma. Fikiria feni mbili zinazotazamana. Washa moja, ile nyingine nayo itaanza kuzunguka kwa upepo. Badala ya upepo, weka mafuta. Hiyo ndiyo roho ya otomatiki.

Marekani ndio waliigeuza kuwa biashara. General Motors walitoa Hydra-Matic mwishoni mwa 1939, kwenye Oldsmobile za modeli ya 1940. Kazi hiyo iliongozwa na Earl Thompson, msee yule yule aliyekuwa amerahisisha gia za mkono kwa kuzuia zisisage wakati wa kubadilisha. Halafu vita ikaja, na Hydra-Matic ikaenda jeshini ndani ya vifaru vya M5 Stuart. Kwa hivyo ile kitu inayokupeleka Gakoromone kununua ndizi imewahi kubeba kifaru. Si kitu dhaifu.

Lakini mnaona kilichobadilika? Kwenye gia ya mkono, oili ni mlainishaji tu. Kwenye otomatiki, oili ndiyo mfanyakazi. Inabeba nguvu ya injini kwenda kwa gia. Inasukumwa kwa presha na pampu ili kubana vile visahani vidogo vya ndani vinavyobadilisha gia. Inalainisha. Inapoza. Kazi nne, kiowevu kimoja. Ndiyo maana General Motors wakaiandikia oili yake masharti mwaka 1949, ikaitwa Type A, na baadaye mwaka 1967 likaja jina ambalo bado mnaliona kwa chupa: Dexron. Rangi nyekundu si uchawi wala si ubora, ni rangi imetiwa tu, ili ukiona tone chini ya gari ujue ni giaboksi inavuja na si injini.

Na hapa kuna kitu kilinishtua. Ndani ya zile oili za zamani kulikuwa na mafuta ya nyangumi, yule mwenye kichwa kikubwa kama kontena. Mafuta yake yalistahimili joto na yalisaidia visahani vibane bila kurusharusha gari. Mwaka 1970 Marekani ikamweka huyo nyangumi kwenye orodha ya wanyama walio hatarini, na ghafla watengenezaji wa oili wakawa wanatafuta mbadala kama watu waliofungiwa maji. Mbegu za jojoba, kichaka cha jangwani, zikawa kati ya vitu vilivyopendekezwa. Nawaambia hii kwa sababu moja: kutoka hapo kwenda mbele, oili ya giaboksi ikawa mambo ya maabara, na kila kampuni ikawa na maabara yake na mapishi yake.

Japani waliingia huko kwa fujo. Aisin-Warner ilianzishwa 1969, kampuni ya Kijapani ikishirikiana na BorgWarner ya Marekani, na ndiyo iliyokuja kujaza Toyota nyingi giaboksi. Mwaka uliofuata ikaja Jatco, ya Nissan na wenzake. Kufikia miaka ya 90 Mjapani wa kawaida alikuwa anaendesha otomatiki na hajali. Na kwao kuna ukaguzi wa lazima, gari mpya baada ya miaka 3 halafu kila miaka 2, na gharama zake zinamfanya mtu aone heri auze. Gari nzima, safi, haina shida, inatafuta mwenyewe mpya. Tena usukani uko kulia kama kwetu.

Sisi huku tulikuwa tumefungiwa. Dola zilihitaji kibali, ushuru ulikuwa mkali. Mwaka 1993 serikali ikalegeza udhibiti wa fedha za kigeni, na mlango ukafunguka. Corolla zikaja, nyingine zikipitia Dubai. Baadaye KEBS wakaweka sheria kwamba mtumba usizidi miaka 8 tangu usajiliwe, na hiyo sheria inafanya kitu ambacho watu hawakioni: kila mwaka inavuta teknolojia mpya zaidi kuja kwetu, tutake tusitake. Juzi tulikuwa na Toyota 100 ya gia ya mkono. Tukaruka tukaingia NZE. Kabla fundi hajazoea NZE, Vitz na Fit zikaja na CVT, ambayo hata si gia tena, ni mshipi wa chuma kati ya puli mbili. Hilux za miraa zilizojulikana kwa kupaa kutoka Maua zilibaki na gia ya mkono, lakini gari ya mwalimu, ya nesi, ya msee wa kwanza kupata mkopo wa sacco, hiyo ilikuwa otomatiki.

Na ilikuja ikiongea Kijapani! Hapa ndipo nataka mkae kidogo. Unajua yule dada anayeongea ukiwasha gari? Watu wamemtungia maneno, wengine wanasema anawasalimia. Kwa magari mengi anachosema ni kwamba kadi ya kulipia barabara za Japani haijawekwa. Miaka nenda rudi anaomba kadi ya barabara isiyo ya hapa, na tumemzoea kama redio. Sasa fungua kile kiboksi cha mbele ya abiria. Kitabu cha gari kiko. Kijapani. Fungua boneti, kuna stika zimebandikwa. Kijapani. Kwenye hicho kitabu kuna ukurasa unaosema oili gani inaingia kwenye giaboksi na ni lita ngapi. Jibu lilikuwa ndani ya gari siku zote, limeandikwa kwa herufi ambazo hakuna mtu Makutano aliwahi kufundishwa kusoma.

Kwa hivyo fundi alifanya nini? Alifanya alichojua. Oili ya giaboksi ni nyekundu, basi nyekundu ni nyekundu. Akanunua chupa ya Dexron III akaitia kwa kila gari. Kwa bahati mbaya Toyota walikuwa na T-IV, halafu wakahamia WS ambayo ni nyepesi zaidi. Honda walikuwa na yao. Nissan yao. CVT nazo zinataka kiowevu chao kabisa, maana ule mshipi unahitaji kushika na si kuteleza. Na hiyo Dexron III yenyewe, General Motors waliacha kuitolea leseni mwisho wa 2006, lakini chupa zenye hilo jina bado zinauzwa hadi leo, na hakuna anayezikagua kwa niaba yao. Gari inaingia garaji ikiwa sawa, inatoka na oili ya kabila lingine, mwezi wa pili inaanza kurusha. Watu wanasemaje? "Tuliwaambia haiguswi."

Huo ni mguu mmoja wa imani. Mguu wa pili una ukweli, na lazima niuseme. Giaboksi ambayo haijawahi kubadilishwa oili kwa miaka mingi, visahani vyake vimelika, na unga wa vile visahani unaelea ndani ya oili. Ule unga, ajabu, unasaidia visahani vilivyobaki kushikana. Ukiimwaga yote kwa mpigo, hasa kwa ile mashine ya kusukuma kwa presha, unaondoa uchafu na unaondoa pia mkongojo. Gari inateleza. Lakini oili mpya haikuiua. Ilikuta maiti imesimama.

Na watengenezaji wenyewe hawakusaidia. Kuna kampuni zilizoanza kusema oili ya giaboksi ni ya maisha yote. Maisha ya nani? BMW walisema hivyo, lakini ZF, Wajerumani wanaowatengenezea giaboksi, wanashauri ibadilishwe kati ya kilomita 80,000 na 120,000. Mtu wa kwanza anayenunua gari mpya Tokyo au Munich hatafika huko akiwa nayo. Tutafika sisi. Sisi ndio tunaishi hayo maisha yaliyobaki.

Tena tunayaishi milimani. Chukua barabara ya kutoka Embu kuja Meru, ule upande wa Thuci hadi Nkubu: unashuka bonde, unavuka mto, unapanda, kona, unashuka tena. Unapopanda polepole na mzigo, zile feni mbili ndani ya mafuta hazizunguki sawa, moja inateleza mbele ya nyingine, na kuteleza huko kunakuwa joto. Joto ndilo linaiua oili. Inatoka nyekundu inakuwa kahawia, halafu nyeusi yenye harufu ya toast iliyosahaulika. Ongeza tabia tulizorithi kutoka enzi ya klachi. Kuweka fri kwenye mteremko na kuzima injini ili kuokoa mafuta. Kuvuta gari kwa kamba kutoka Nkubu hadi garaji. Kwa 504 hakuna noma. Kwa otomatiki, pampu ya oili inazungushwa na injini. Injini ikiwa imezimwa na magurudumu yanazunguka, giaboksi inazunguka kavu. Hakuna aliyetuambia. Tuliambiwa tu haiguswi, na kwa hiyo tukaendelea kuiua kwa njia zingine.

Sasa, je, unaweza kubadilisha mwenyewe nyumbani, kwa ploti? Kwa gari nyingi ndogo zenye dipstiki ya giaboksi, ndiyo, na ni rahisi kuliko kuosha kapeti. Kazi kubwa ni kabla ya kushika spana: tafuta ni oili gani hasa. Namba ya fremu iko kwa logibuku, na kwa simu yako sasa unaweza kumulika kile kitabu cha Kijapani na kamera ikakutafsiria. Kitu ambacho fundi wa 1995 hangeweza kufanya kwa pesa yoyote, wewe unafanya ukiwa umelala. Hiyo peke yake ndiyo imevunja ile sentensi, kama mnataka maoni yangu.

Pasha gari moto kwa mwendo mfupi, si hadi oili ikuchome. Egesha pahali tambarare, weka mawe kwa magurudumu, inua, weka stendi. Usiingie chini ya gari iliyobebwa na jeki peke yake, hata kama ni dakika moja, hata kama jirani anafanya hivyo kila Jumamosi. Hakikisha boliti unayofungua ni ya giaboksi. Kuna watu wa Subaru wamemwaga giaboksi wakidhani ni injini, halafu wakajaza injini mara mbili. Na kwa gari yoyote, jua pa kujazia na uhakikishe panafunguka kabla hujamwaga tone. Ukimwaga kwanza halafu boliti ya kujazia ikakataa, umejifungia nje.

Kinachotoka, kipime. Kwa gari ndogo itakuwa kama lita 3 kati ya 6 au 7, kwa sababu nyingine imebaki kwenye ile feni na kwenye mabomba ya kupozea. Watu huona hiyo kama kasoro. Mimi naona ndiyo uzuri wake kwa gari zetu zilizochoka: ukimwaga nusu, ukaendesha wiki chache, ukamwaga tena nusu, robo tatu ya oili ni mpya, na ya tatu inakufikisha karibu asilimia 88. Polepole, bila kushtua mzee. Angalia sumaku ya kwenye boliti: uji laini wa kijivu ni kawaida, vipande vya chuma unavyoweza kuokota kwa kidole si kawaida, na hapo usidanganyike kwamba oili mpya itatibu. Futa, badilisha washa, funga bila hasira, rudisha kiasi kile kile kilichotoka.

Kupima ndipo watu huchanganyikiwa. Toyota ya dipstiki inapimwa injini ikiwa moto na inanguruma, baada ya kupitisha gia zote na kurudi P. Honda nyingi zinapimwa injini ikiwa moto lakini umeizima, ndani ya dakika moja na kidogo. Gari mbili, sheria mbili, na garaji nyingi zina sheria moja. Kama gari yako haina dipstiki kabisa, zile Toyota za WS zilizofungwa, kipimo chake kinategemea nyuzijoto za oili, na hapo tafuta fundi mwenye skana. Wapo sasa Meru, wengi vijana, na wanajua kazi. Daraja la leseni la otomatiki peke yake liko pia, kwa hiyo kuna kizazi kinakuja ambacho hakitawahi kukanyaga klachi.

Imebaki ile lita 3 chafu kwenye beseni. Wazee walikuwa wanapaka oili chafu kwa nguzo za ua ili mchwa wasile, na ploti nyingi bado zinaimwaga kwa mtaro. Mtaro wa Meru ukinyeshewa unateremka, na huku chini kuna mto Kathita, na watu wanaonyweshea ng'ombe na mboga kwayo. Kanuni za taka za 2006 zinaiweka oili chafu kati ya taka hatari, ingawa sijaona mtu akikamatwa kwa mtaro. Irudishe kwa chupa ile ile uliyonunua nayo, andika juu kwa kalamu kwamba ni chafu ndiyo mtoto asichezee, na uipeleke kwa garaji yenye mtungi wa kukusanyia. Uliza kwanza kama wanauza kwa wale wanaokuja na lori kuchukua, maana kuna garaji ambazo mtungi wao unaishia kwa mtaro ule ule.